Nkambo anaposema "mimi nilivuka Luapula": tuandike vipi habari za ukoo zinazopingana?

Mjukuu wa Kasenga (Lubumbashi, Katuba)

Ndugu zangu, nawasalimu wote kwa heshima. Ukoo wa upande wa mama yangu unatoka Kasenga, kando ya mto Luapula, lakini wengi wetu tumezaliwa hapa Lubumbashi, na wazee wanaozijua habari za kule wamebaki wachache. Katika mkutano wa ukoo nimepewa kazi ya kuzikusanya habari hizo ziwe kitabu kidogo ambacho kila nyumba itapata nakala yake. Nimekwisha kuwarekodi kwa simu nkambo yetu mwanaume (yaani babu yetu), dada yake, na mjomba wa mama yangu, kila mmoja nyumbani kwake, nami sasa nimekwama.

Nkambo anasimulia hivi: "Mimi nilivuka Luapula usiku, mfuko wa chumvi kichwani na upinde mkononi. Mamba akatokea, akaniuliza mimi ni nani. Sikumtajia jina la baba. Nilimtajia jina la mama yangu na la mama yake mama yangu, naye akanipisha." Anasema hayo yalitokea kabla ya reli kufika mjini. Basi reli ilifika hapa mwaka 1910, na nkambo mwenyewe alikuwa bado mtoto wa shule siku Tshombe alipotangaza Katanga kujitenga mwaka 1960. Binamu zangu wanasema kwamba mzee amechanganyikiwa na kwamba sehemu hiyo tuiache nje ya kitabu.

Dada yake anasimulia mengine kabisa. Kwake yeye hakuna aliyevuka kwa ujasiri wala kwa hiari: mzee wa ukoo alitolewa na chifu wake kwa watu waliokuwa wakikusanya vijana wa kazi za migodi, akaletwa huku kwa miguu chini ya ulinzi, na habari za mamba ni za kuwafurahisha watoto. Mjomba naye anasema kwamba wote wawili wanasema kweli. Kisha akanitaka nizime simu, ndipo aliponieleza kwamba katika safari ile kulikuwa na mwanamke aliyetolewa kulipa deni, na kwamba jambo hilo halitajwi mbele ya wakwe.

Karatasi tuliyo nayo ni moja tu, kitabu cha kazi cha Union Minière, ile kampuni ya migodi ya Wabelgiji, chenye jina la Kikristo ambalo nyumbani hakuna aliyelitumia, pamoja na jina la baba, ilhali ukoo wetu hufuata upande wa mama. Tena mwaka 1972, serikali ilipoagiza majina ya Kikristo yaachwe, watu wa ukoo walijichagulia majina mengine ambayo hayamo katika karatasi hiyo.

Naomba mnishauri. Je, nichague simulizi moja, au nizichanganye ziwe moja yenye mtiririko mzuri? Niandike kwa Kibemba walichozungumza, kwa Kiswahili chetu, au kwa Kifaransa kama anavyotaka binamu yetu aliye Ubelgiji? Na habari ya yule mwanamke niifanyeje?

Mwalimu Mstaafu (Likasi)

Mjukuu wangu, nkambo yako hajachanganyikiwa hata kidogo, na ningewaomba binamu zako wapunguze haraka.

Katika nchi ya Luapula, na vilevile kwa Walunda wa Mwant Yav, mfalme wao mkuu wa huku Katanga, na wa Kazembe, ng'ambo ya mto, mtu anapokufa jina lake halizikwi pamoja naye. Ukoo huketi, huchagua ndugu anayefaa, na huyo hurithi jina pamoja na nafasi ya marehemu: watoto wa marehemu humwita baba, wajukuu humwita nkambo hata kama wao ndio wenye umri mkubwa, na mashemeji wa marehemu huwa mashemeji zake. Kwa sababu hiyohiyo, anaposimulia matendo ya wale waliolibeba jina kabla yake, husema "mimi", na wasikilizaji wa zamani walimwelewa bila kufafanuliwa. Huko Kazembe jambo hili huenda mbali zaidi, kwa maana wakubwa wawili wa zamani wakiwa walihusiana kama mjomba na mpwa, warithi wao wa leo nao huitana mjomba na mpwa, ingawa kwa damu huenda hawana uhusiano wowote. Anayechora mti wa ukoo bila kulijua hili ataunganisha vizazi vitatu katika mtu mmoja, au atampa mtu mmoja umri usiowezekana, kama ulivyoona mwenyewe.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mzee si mwaka wa kuzaliwa. Mwulize jina hili alilipokea kutoka kwa nani, katika kilio cha nani, na ni nani aliyemkabidhi. Kisha umwulize yule aliyemtangulia naye alilipokea kwa nani, mpaka afike mahali ambapo hajui tena. Hapo utakuwa na orodha ya watu ambao wote ni "mimi" katika simulizi lake.

Tarehe usimwombe, mwombe matukio. Wazee wengi hawakuhesabu miaka, lakini walisikia kama fulani alikufa kabla au baada ya homa kuu ya 1918, kama alikuwa bado kazini Desemba 1941, wakati askari walipowapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na kama mahari ya binti fulani ililipwa kwa faranga au kwa zaire, fedha iliyoanza kutumika mwaka 1967. Ukipata matukio kama hayo mawili au matatu kwa kila mwenye jina, utaweza kukisia kizazi chake bila kumlazimisha mzee kutunga tarehe ili akuridhishe, kosa ambalo wanafunzi wangu walilifanya mara nyingi nilipowatuma vijijini.

Unapoandika, usibadilishe "mimi" kuwa "yeye". Yaache maneno kama alivyoyatamka, na pembeni uandike kwamba kwa maoni yenu anayesema hapa ni mwenye jina wa kwanza au wa pili.

Mama wa Kamalondo

Ninamheshimu Mwalimu, na maelezo yake kuhusu kurithi jina ni ya kweli, lakini habari hii ya kuwafuatia wazee kwa maswali ya mfululizo, "na kabla yake nani, na kabla yake nani", mimi siipendi sana. Mzee akiona anahojiwa kama aliye mbele ya karani, atakupa majibu ya karani.

Sisi ni watu wa Kasai. Nkambo zetu waliletwa na Union Minière, sisi tukazaliwa katika kampi za wafanyakazi, na ghasia zilipotufukuza mwaka 1992 na 1993, watu walikaa kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni na mizigo yao juani, na karatasi za familia nyingi zilipotelea palepale: vyeti vya ndoa, picha za ubatizo, vitabu vya kazi kama hicho chako. Kilichobaki kwetu ni kasala, zile sifa za ukoo ambazo kwa desturi huimbwa zaidi penye matanga. Mwimbaji wa kasala humtaja marehemu, akataja waliomzaa upande wa baba na upande wa mama, mto wa kwao, kilima cha kwao, waliokufa kwa vita na waliokufa kwa wivu wa watu, na anayesikiliza hulia kwa sababu anasikia jina ambalo hakulisikia tangu kilio kilichopita. Mazungumzo hubadilika kila mtu anaposimulia, lakini maneno yanayoimbwa hayabadiliki kirahisi, maana mwimbaji akikosea kuna bibi pembeni atakayemsahihisha hapohapo mbele ya watu wote.

Kwa hiyo muulize dada wa nkambo kama kuna wimbo. Nina hakika watu wa Luapula nao wana nyimbo zao za maombolezo na za kumkabidhi mtu jina. Huyo anayekuambia kwamba mamba ni wa kuwafurahisha watoto, mwombe akuimbie walichoimba siku kaka yake alipopewa jina, uone kama mamba hayumo.

Njia nyingine ni picha. Miaka ya 1970 katika nyumba nyingi za mji huu kulikuwa na michoro ukutani sebuleni, ambayo watu waliiita ukumbusho: mfungwa anayechapwa mbele ya Mzungu, treni, mji wa kale, mamba muntu, yule mwanamke wa majini, na nywele zake ndefu. Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia nzima ya nchi kwa mtindo huo. Baba yangu hakuwa mtu wa kusimulia, lakini mgeni akiuliza tu "huyu anayechapwa ni nani?", jioni yote ilikwisha akisimulia. Mpelekee nkambo hicho kitabu cha kazi chenyewe, akishike, akigeuze kurasa, nawe unyamaze.

Fundi wa Sauti (Ruashi)

Mimi nitasema machache tu juu ya simu, kwa sababu simu huibwa, na sauti za wazee huenda nazo.

Kabla mzee hajaanza kusimulia, sema kwa sauti yako tarehe, mahali, jina la anayesimulia, na majina ya waliopo, kisha umwombe aseme mwenyewe kwamba anakubali kurekodiwa. Baada ya miaka kumi, faili lisilo na maneno hayo ni sauti ya mtu asiyejulikana. Kaa ndani badala ya uani, mbali na jenereta la jirani, na uweke simu juu ya kitambaa karibu na mdomo wake. Siku hiyohiyo nakili faili kwenye kompyuta na kwenye kadi mbili za kumbukumbu, ambazo hazitakaa katika nyumba moja. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati ili faili lenyewe lifike kama lilivyo. Faili la asili usilikate hata pale mzee anapokohoa au kumfukuza kuku. Ukitaka sehemu fupi ya kusikilizisha watu, kata nakala.

Mwana wa Bunkeya

Ndugu yetu wa Kasenga, kuhusu swali lako la kwanza, ushauri wangu ni kwamba usichague simulizi moja na usizichanganye. Andika simulizi la nkambo peke yake, la dada yake peke yake, na la mjomba peke yake, kila moja likiwa na jina la aliyelisimulia, mahali aliposimulia, na watu waliokuwa wakimsikiliza, kwa maana mzee hasemi mbele ya wajukuu yale anayosema mbele ya wakwe. Simulizi la kuchanganya litasomeka vizuri, lakini litakuwa lako, na hakuna mzee hata mmoja atakayelitambua kuwa lake.

Nasema hivi kwa sababu ya mfano wa kwetu. Mwami wetu Msiri, mfalme wa Wayeke, aliuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891. Aliyempiga risasi ni Bodson, ofisa Mbelgiji katika msafara uliotumwa na dola ya Mfalme Leopold ukiongozwa na Stairs, naye Bodson akauawa katika tukio hilohilo na watu wa Msiri. Hayo yanajulikana kwa maandishi. Lakini nyumbani tulikua tukisikia kwamba kichwa cha mwami kilikatwa, kikachukuliwa, na kwamba kila aliyekibeba alikufa. Mtu anaweza kutumia maisha yake yote akibishana kuhusu mahali kichwa kilipo. Mimi nimeona ni bora kuuliza simulizi linasema nini juu ya wale waliokichukua, na jibu liko wazi: kwamba mzigo ule haukuwa halali yao. Hiyo ni hukumu ya watu walioshindwa kwa bunduki na wasiokuwa na mahakama ya kuwasikiliza, na isingeweza kupatikana katika taarifa ya ofisa yeyote.

Sasa rudi kwa mamba wako. Mamba hakuuliza mzee anatoka wapi, wala ana nguvu kiasi gani. Aliuliza yeye ni nani, na jibu lililompisha ni jina la mama na la mama yake mama. Katika ukoo unaofuata upande wa mama, hilo ndilo jibu pekee linalomtambulisha mtu. Kisha mtu huyohuyo, au aliyerithi jina lake, alifika kwa karani wa Union Minière, akaulizwa jina la baba, likaandikwa, na ukoo wake halisi haukuandikwa popote. Ukiitoa habari ya mamba kwa sababu mamba hawasemi, utabaki na kitabu cha kazi peke yake, yaani na jibu la karani.

Waluba wa Katanga walilijua jambo hili kwa namna yao. Watu wa chama chao cha Mbudye walikuwa na lukasa, ubao mdogo unaoshikika mkononi, uliopangwa shanga na vifundo, ambao mjuzi aliupitisha vidole huku akisimulia habari za Nkongolo, mfalme mkatili, za Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, na za mwanawe Kalala Ilunga, aliyeponea chupuchupu shimo alilochimbiwa chini ya mkeka wa ngoma. Shanga hazikuhama, lakini masimulizi hayakuwa yaleyale kila mara. Yalitegemea msomaji, wasikilizaji, na shauri lililowakutanisha siku ile. Hakuna aliyesema kwamba ubao umechanganyikiwa.

Kuhusu lugha, andika kwanza katika lugha aliyoisema, hata kama ni Kibemba kilichojaa Kiswahili cha Katuba na Kifaransa cha kazini. Mwaka 1965 mzee André Yav, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu hapa Elisabethville, aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha hapahapa, kama kilivyosemwa, bila kujali sana nukta wala mkato, hata ni lazima usome kwa sauti ndipo uelewe. Thamani yake iko papo hapo, kwa sababu unamsikia mtumishi mwenyewe akisema. Tafsiri ya Kifaransa kwa ajili ya binamu aliye Ubelgiji ifuate baadaye, ikae ukurasa wa upande wa pili, wala isichukue nafasi ya maneno ya mzee.

Yaya wa Kampemba

Wote mmelipita swali la mwanamke aliyetolewa kulipa deni, nalo ndilo linaloweza kuuvunja ukoo.

Ndugu yangu, mjomba hakukuomba uzime simu kwa sababu ya aibu tu. Kama mwanamke yule alizaa, na katika ukoo unaofuata mama bila shaka uzao wake ni wa upande wake, basi kuna watu walio hai leo ambao mtu mwenye nia mbaya anaweza kuwaambia kwamba wao ni watoto wa aliyetolewa, kwa hiyo hawana neno katika mashamba ya Kasenga wala katika kurithi jina. Nimeona mashauri ya namna hiyo yakiamshwa katika matanga, na aliyeyaamsha alikuwa na karatasi mkononi iliyoandikwa na kijana mwenye nia njema.

Hata hivyo, kumfuta kabisa ni kumtoa mara ya pili. Ningependa uandike yale uliyoruhusiwa kuandika, uyaweke katika bahasha tofauti na kitabu, na mjomba mwenyewe aamue nani ataitunza na lini itafunguliwa. Rekodi ya sauti huna, na usijaribu kuipata kwa ujanja. Tena uwatafute wajukuu wa mwanamke huyo kabla hujaandika lolote, kwa kuwa huenda wao wanalo simulizi lao ambalo ndani yake yeye ndiye aliyewavusha wengine. Kitabu chenyewe kisiwekwe kwenye intaneti. Binamu wa Ubelgiji atapata nakala yake ya karatasi kama nyumba nyingine.

Mjukuu wa Kasenga

Wazazi wangu na ndugu zangu, asanteni sana. Nilirudi kwa nkambo na kitabu cha kazi, nikakiweka mikononi mwake na nikanyamaza kama Mama wa Kamalondo alivyoshauri. Alikikagua kwa muda mrefu, akaweka kidole juu ya lile jina la Kikristo, akasema: "Huyu ndiye aliyeniachia." Kisha akataja aliyemwachia huyo, na aliyevuka mto. Kati ya wawili hao wa zamani anasema kuna mwingine, lakini jina lake hakulitaja.

Nilipompelekea dada yake habari hiyo, alisema kwamba yule asiyetajwa ndiye mzee aliyetolewa na chifu, na kwamba hatajwi kwa sababu alifia mgodini na mwili wake haukurudishwa, hivyo jina halikukabidhiwa kama ilivyopaswa. Nkambo amelikataa hilo kwa hasira. Wimbo upo, na mamba yumo, lakini dada yake amekataa kuuimba mbele ya simu. Anasema huimbwa mtu anapopewa jina tu. Mjomba amekubali habari ya bahasha, na ametaka itunzwe na mwanamke.

Je, pale kati niandike jina analolitaja dada, au niache?

Mwalimu Mstaafu (Likasi)

Acha mstari mtupu katika orodha, na chini yake uandike kwamba dada anamtaja fulani na kwamba nkambo anakataa, kila mmoja kwa maneno yake mwenyewe. Usimwite "wa pili" wala "aliyepotea", maana hayo yangekuwa maneno yako. Kisha, kabla mvua hazijaharibu barabara, jipange uende Kasenga ukawaulize wale waliobaki kule kama waliwahi kulia kilio kisicho na maiti, kilikuwa cha nani, na nani alikabidhiwa nini baada yake. Wimbo uache kwa sasa. Siku jina litakapokabidhiwa tena utaimbwa, na hapo uwaombe wenye kilio ruhusa ya kurekodi, tena mapema, kabla watu hawajakusanyika.